Kuhamia Linux Mint kwa Anayecheza Gemu za Kompyuta

Kompyuta mpakato niliyoletewa hapa Mwanga, mjini Kigoma, ilikuja na flashi ambayo kila folda lake lilikuwa limegeuka njia ya mkato yenye kishale kidogo pembeni, huku picha za harusi ya dada wa mwenye mashine zikiwa zimefichwa na kirusi. Chanzo kilikuwa gemu ya mpira aliyonakiliwa na rafiki yake, ambayo maelekezo yake ya kwanza yalimtaka azime kinga ya virusi. Picha tulizipata, lakini tangu siku hiyo kila kijana anayeniomba nimpigie Windows pamoja na gemu za namna hiyo, ninamshauri kwanza aijaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa kutumia badala ya Windows, ambao ni wa bure na hauhitaji programu ya kuvunja leseni. Ushauri huo una uzito zaidi kwa wenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla ya kugusa chochote, andika gemu unazozicheza kweli, kisha uzitafute moja moja katika tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji hueleza jinsi kila gemu inavyofanya kazi kwenye Linux. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina matoleo ya Linux kabisa. Valorant na Fortnite hazichezeki huko, kwa sababu ya mifumo yake ya kuzuia udanganyifu; kama hizo ndizo gemu zako za kila siku, baki na Windows halali iliyosasishwa.

Nakili picha, nyaraka na kazi zako zote kwenye diski ya nje. Pakua Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi, ukitenga bando la takriban gigabaiti 3, na usikubali nakala ya mtaani. Ukiwa bado kwenye Windows, hakiki faili hilo kwa kuandika katika dirisha la amri (Command Prompt) certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mfululizo wa herufi na tarakimu utakaotokea lazima ulingane na ule uliochapishwa kwenye tovuti, na ukitofautiana hata kwa herufi moja, futa faili na upakue upya. Wengi huiruka hatua hii, nami ninaiona kuwa ndiyo ya maana kuliko zote, kwa kuwa mfumo wenyewe ukiingia na uchafu hakuna kitakachokulinda baadaye.

Tumia programu ya Rufus kuandika faili kwenye flashi ya gigabaiti 8, ukijua kwamba vilivyomo vitafutika. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti na skrini kwa muda wa kutosha. Ukiridhika, chagua kuisakinisha kando ya Windows au peke yake, betri ikiwa imejaa, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kukuachia mashine isiyowaka.

Baada ya kusasisha mfumo, mwenye kadi ya michoro ya NVIDIA afungue Driver Manager na kuchagua kiendeshi kilichopendekezwa. Kisha sakinisha Steam, programu ya kununua na kuchezea gemu, kutoka Software Manager. Ndani yake imo Proton, iliyotolewa na Valve, kampuni yenye Steam, mwaka 2018, ambayo huwezesha gemu nyingi za Windows kucheza kwenye Linux. Gemu zihifadhi kwenye sehemu ya diski iliyo ya Linux, kwani zikiachwa kwenye ile ya Windows mara nyingi husumbua kufunguka.

Usidhani, hata hivyo, kwamba gemu ya wizi imekuwa salama kwa sababu umehama. Programu ya Windows inayoendeshwa kwa Wine, yaani programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux, kwa kawaida huweza kusoma mafaili ya folda lako la nyumbani, na amri yoyote yenye sudo uliyoinakili bila kuielewa hupewa mamlaka juu ya mashine nzima.

Kuhusu bando, Steam huruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kuhamishiana gemu, hata kutoka Windows kwenda Linux, kwa hiyo mkiwa na ruta moja nyumbani anatosha mmoja kuipakua, na mwingine ataichukua kwake kwa akaunti yake inayoimiliki.