Kujaza gesi AC ya dirishani huku Mbeya: mizani kwanza, geji baadaye

Mteja akishusha AC ya dirishani kwenye bajaji pale kwangu Mwanjelwa, neno lake huwa lile lile: "Fundi, niongezee gesi." Namwambia gesi haiongezwi. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa kwa kuchomelewa, haitumiki ikaisha kama petroli ya bodaboda. Ikipungua, kuna tundu. Na mashine nyingi zinazoletwa kwa kesi ya gesi, gesi yake ipo yote ndani.

Nazungumzia zile zenye kila kitu kwenye boksi moja: za dirishani, na zile za magurudumu zenye bomba nene la kutoa joto nje. Hazina valvu za kufungia geji (kipima presha), tofauti na split, zile za vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje. Kiwandani wamezijaza kwa gramu, mkia wa kompresa (kibomba cha kujazia kwenye pampu inayosukuma gesi) ukabanwa na kuchomelewa, basi. Ukitaka kuingia humo lazima ukate shaba, na ukishakata umeanza kazi ya nusu siku au zaidi. Kwa hiyo usikate mpaka umejiridhisha.

Anza na uchafu. AC iliyotoka Ubaruku karibu na mashine za mpunga huja na koili ya nje (mabomba yanayotoa joto) iliyozibwa na pumba. Ya Chunya huja na vumbi jekundu. Vua boksi, piga maji taratibu kutoka upande wa ndani kwenda nje ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia, nyoosha mapezi yaliyolala, osha filta. Injini ya umeme na swichi zifunike kwa nailoni. Ukiona maji kwenye sinia la chini na feni ya nyuma inayapiga yanatawanyika, usitoboe sinia: yamewekwa makusudi yaipoze koili ya nje. Watu wengi wameshatoboa.

Kisha umeme. Kompresa inaguna sekunde chache halafu inakata, hapo shuku kapasita (kile kinachoisaidia kompresa kuwaka) au umeme mdogo kabla ya kitu kingine. Chomoa waya ukutani, toa chaji ya kapasita kwa rezista, pima. Ikisoma chini ya kiwango chake kwa zaidi ya asilimia 10, badilisha. Pima na volti wakati kompresa inawaka, hasa saa za jioni mtaa mzima ukiwa unapika.

Sasa barafu, maana hapa ndipo huku kwetu mafundi wanapopotezwa. Barafu ikitanda koili ya ndani nzima, kwa kawaida hewa haipiti vya kutosha: filta imeziba au feni imechoka. Ikishika mabomba machache ya mwanzo tu, pale gesi inapoingilia, na sehemu iliyobaki ni kavu na haina ubaridi, huku ampea za kompresa ziko chini kuliko zilizoandikwa kwenye kibandiko, hapo gesi imepungua au kapilari, lile bomba jembamba linalopitisha gesi kwenda koili ya ndani, imeziba. Lakini ipo barafu ya tatu ambayo fundi aliyejifunzia Dar huenda hajawahi kukutana nayo. Mwezi wa Julai usiku, Mbeya inashuka chini ya nyuzi 10. AC ya chumba cha seva au studio ya redio inaendelea kufanya kazi. Koili ya nje inapigwa na hewa baridi mno, presha ya upande wa juu inaanguka, kapilari haisukumiwi gesi ya kutosha, koili ya ndani inaganda. Asubuhi wanaita fundi, fundi anaona barafu, anapachika gesi. Ikifika Oktoba jua linawaka, gesi ile ya ziada inapandisha presha, kompresa inachemka na kukata kila mara. Kumbe mashine ilikuwa nzima.

Dawa ya barafu hiyo si gesi. Kwenye AC ya dirishani motor ni moja inayozungusha feni zote mbili, kwa hiyo huwezi kuisimamisha ya nje peke yake. Mimi huwashauri wenye vyumba hivyo waweke feni ya ukutani yenye termostati ivute hewa ya nje usiku, yenye filta nzuri ya vumbi, AC ibaki kwa mchana. Hewa ya baridi inashuka bure kutoka mlima Loleza, kwa nini uilipie umeme?

Ukishahakikisha gesi kweli imepungua, tafuta tundu kabla ya kukata chochote. Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, kwa hiyo tafuta doa la mafuta lililoshika vumbi. Sehemu zangu za kwanza kuangalia ni tatu: kona za koili, mahali kapilari inaposugua bomba lingine kwa mtetemo, na ule mkia wa kiwandani. Pitisha povu la sabuni polepole, usiwe na haraka. Tundu dogo hutoa kijipovu kimoja baada ya kingine.

Gesi iliyobaki ndani usiiachie hewani. Ivute kwa mashine ya kukusanyia mpaka kwenye mtungi wake. R22, gesi ya AC za zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinaiondoa: ifikapo 2030 kinachobaki ni kiasi kidogo sana cha matengenezo, mpaka 2040. R410A, gesi iliyoifuatia, haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 ya kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo. Ile valvu ya kutobolea bomba itumie kuvutia gesi tu, halafu iondoe. Ukiiacha, baada ya muda ndiyo itakayovuja.

Kata mkia, chomelea kipande cha shaba chenye valvu ya pini kama ya tairi, lakini toa pini kabla ya kuwasha moto. Shaba kwa shaba, fimbo ya fosforasi inatosha. Shaba kwa chuma, kwa mfano kwenye shingo ya kompresa, tumia fimbo ya fedha yenye dawa yake. Ya fosforasi itashika leo na kupasuka kesho. Wakati wa kuchomelea pitisha nitrojeni kidogo ndani, la sivyo magamba meusi yataenda kuziba kapilari. Hakikisha hakuna gesi iliyobaki: R22 ikiungua inatoa hewa ya sumu. Weka draya (kichujio cha kunyonya unyevu) mpya kila unapofungua mfumo.

Pima uvujaji kwa nitrojeni yenye regyuleta (kipunguza presha), usizidi presha ya upande wa chini iliyoandikwa kwenye kibandiko. Oksijeni kamwe, ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Mimi hupenda kuiacha usiku kucha, na hapo kuna hesabu ya huku kwetu. Ukifunga psi 150 mchana kwenye nyuzi 27, alfajiri nyuzi 13 geji itasoma kama 142, bila tundu lolote. Nitrojeni imepoa tu. Andika joto pamoja na presha, usije ukahangaika na sabuni siku mbili. Ikishuka zaidi ya hapo, haya, rudi kwenye povu.

Vakyumu, yaani kuvuta hewa na unyevu wote mabombani kabla ya kujaza, ndiyo inayowagombanisha mafundi na pampu zao. Vitabu vinasema vuta mpaka inchi 30 za zebaki. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na uzito wa hewa ni mdogo, kwa hiyo geji ya mshale itagota karibu na inchi 24 na nusu, hata pampu iwe mpya kutoka kwenye boksi. Iringa ni karibu hapo hapo. Pampu ile ile ukiishusha Kyela itafika 28. Nimeona kijana anatupa mafuta ya pampu mara mbili akidhani yameharibika. Njia ya uhakika ni geji ya maikroni, inayopima presha iliyobaki ndani, yenyewe haijali mlima: vuta mpaka chini ya 500, funga valvu, subiri dakika kama 10. Ikipanda kidogo na kutulia, sawa. Ikipanda na kusimama juu, kuna maji ndani. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Kwenye baridi maji yaliyomo mabombani hayatoki haraka, kwa hiyo Juni na Julai fanya vakyumu saa sita mchana juani, au weka balbu ya joto karibu na kompresa.

Geji za presha nazo zinaguswa na mwinuko, ila kidogo. R22 inayochemka kwenye nyuzi 5 itasoma psi 70 usawa wa bahari. Mbeya itasoma karibu 73. Ukilazimisha 70 umekosea kwa nyuzi moja tu, mashine haifi. Kinachoua ni kujaza kwa geji peke yake siku ya baridi, maana presha zote mbili zinakuwa chini hata gesi ikiwa kamili.

Kwa hiyo mizani. Soma kibandiko: aina ya gesi na gramu. AC ndogo ya dirishani mara nyingi inabeba nusu kilo, ikizidi hapo si kwa mengi, na mfumo wa kapilari hauna tangi la kuhifadhi ziada. Gramu 50 zinaonekana. Kibandiko kikifutika, tafuta modeli kwenye intaneti kabla ya kukisia. Weka mtungi juu ya mizani, toa hewa kwenye mpira, rudisha mizani sifuri, kompresa ikiwa imezimwa na mfumo ukiwa bado na vakyumu, fungua. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, ichukue kama kimiminika, mtungi ukiwa kichwa chini. Sehemu kubwa itavutwa yenyewe. Iliyobaki, washa mashine uiingize kidogo kidogo upande wa chini, ukibana valvu kisha kufungua, kimiminika kisiigonge kompresa.

Mtungi ukiwa baridi gesi haitoki. Usiupige moto, hata kama umeona wengine wanafanya. Uweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, kisha ufute ukauke kabla ya kuurudisha mizanini, maji nayo yana uzito.

R290 naitengea maneno yake. AC nyingi mpya za magurudumu zinakuja nayo, nayo ni propani, inawaka. Ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni. Karakana zetu za Juni zina jiko la mkaa la kuotea moto, na hapo ndipo hatari ilipo: jiko litoke nje kabisa, mlango na dirisha wazi, hakuna sigara wala swichi ya cheche. Usichomelee mpaka umeivuta yote na kupitisha nitrojeni. R32, gesi nyingine ya AC mpya, nayo inawaka, ingawa kwa shida zaidi, ipe heshima hiyo hiyo. Na usijaze gesi ya kupikia: ina butani, harufu na unyevu, presha zake hazifanani. Wala usiiweke propani kwenye mashine ya R22, swichi zake hazikutengenezwa kwa ajili ya gesi inayowaka.

Ukishajaza, iendeshe dakika 20. Ampea zisizidi za kibandiko. Pima hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inatosha, mteja asikudai friza. Koili ya ndani iwe na ubaridi sawa juu mpaka chini. Kama siku yenyewe ni ya baridi, ziba sehemu ya koili ya nje kwa kadibodi mpaka upande wa juu upate joto la kawaida, ndipo usome geji. Kadibodi uitoe. Mama mmoja wa Kyela mwenye duka la dawa alinipa mashine tukaijaribu hapa Mwanjelwa, na bila kadibodi ile ningemrudishia nikidhani haijashiba, wakati gramu zilikuwa kamili.

Mwisho bana mkia kwa koleo la kubania sehemu mbili, mashine ikiwa inafanya kazi ili presha iwe ndogo, kata mbele ya mbano, chomelea ncha. Kwa R290 ncha hiyo usiichomelee kwa moto; acha valvu nzuri yenye kifuniko cha shaba, au funga kwa kiungo cha kubana. Zima mashine, subiri presha zisawazike, pitisha sabuni tena kwenye mkia. Kisha chukua kalamu ya wino mzito, andika ndani ya boksi tarehe, aina ya gesi, gramu, na mahali palipokuwa na tundu.