Namna ya kuielewa historia ya masultani wa Al Busaidi bila kuchanganya majina, hasa kwa sisi wa Mwanza

Kama una mtihani wa historia, au unamsaidia mdogo wako homuweki, au we mwenyewe tu unataka kujua masultani wa Zanzibar, yaani ukoo wa Al Busaidi, walitokea wapi, naomba usianze na orodha ya majina. Huku Kanda ya Ziwa wengi tunakariri Said, Majid, Barghash, wiki ikiisha hakuna kilichobaki, kwa sababu hatujajua hao watu walikuwa wanakula wapi. Walikula baharini. Hawakuwa na ardhi kubwa yenye rutuba wala jeshi la kutisha, walikuwa na bandari, majahazi na ushuru wa forodha, na ukilishika hilo mengine yote yanajipanga.

Kwa hiyo chukua karatasi, chora pwani kuanzia Muscat kule Oman, ushuke Lamu, Mombasa, Unguja mpaka Kilwa, ramani ikiwa mbaya haina shida. Weka mishale miwili. Mmoja kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, huo ndo ulikuwa unaleta majahazi kutoka Arabuni. Wa pili kusi, unaoanza kushika Aprili, huo unawarudisha kwao. Mvuvi wa pale Mwaloni Kirumba hili hahitaji kuelezwa mara mbili, maana anajua upepo ndo unaamua unatoka lini na unarudi lini.

Sasa ndo uingie kwa watu. Kabla ya Al Busaidi kulikuwa na ukoo wa Yaarubi, hao ndo waliowatoa Wareno Muscat mwaka 1650 na kwenye ngome ya Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1698. Baadaye wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, Waajemi wakaingia Oman, na liwali wa mji wa bandari wa Sohar, Ahmad bin Said, akaulinda mji wake mpaka Waajemi wakaondoka, watu wakamchagua awe imamu, hiyo ni miaka ya 1740. Huyo ndo mwanzilishi. Hapa usipoteze muda sana, ila shika mbinu hii ya majina: fuata "bin". Ahmad bin Said, halafu mwanawe Sultan bin Ahmad (hapo Sultan ni jina lake kabisa, sio cheo), halafu Said bin Sultan, halafu watoto wake Thuwaini bin Said, Majid bin Said, Barghash bin Said. Yaani jina la kila mmoja linakuonyesha wa nyuma yake.

Kwa Said bin Sultan ndo ukae muda mrefu, mimi ningekwambia nusu ya muda wako wote. Baba yake aliuawa akiwa chomboni mwaka 1804, yeye akashika utawala 1806 akiwa kijana mdogo, na akatawala miaka 50. Mwaka 1833 akasaini mkataba wa biashara na Marekani, 1837 akawashinda Mazrui, ukoo uliokuwa unatawala Mombasa, akasukuma sana kilimo cha karafuu Unguja na Pemba, na makao akayahamishia Unguja, vitabu vingi vya shule vinaandika 1840, nenda na huo. Mwaka huohuo meli yake Sultana ikatia nanga New York. Forodha ya Zanzibar alikuwa anaikodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, anayelipa kiasi cha mwaka halafu anakusanya ushuru mwenyewe. Na usiruke hili hata kama linauma: katika mali zilizopita pale walikuwemo binadamu, watumwa waliotolewa bara, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Ukisimulia karafuu bila wao umesimulia uongo.

Said alifia baharini Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, akitoka Oman kurudi Unguja. Hapo piga mstari mnene kwenye karatasi yako maana ndo ukoo ulipogawanyika. Thuwaini akabaki Muscat, Majid akabaki Zanzibar, wakataka kupigana, Waingereza wakaingilia, na mwaka 1861 Lord Canning aliyekuwa anatawala India akaamua kila mmoja abaki na upande wake, ila Zanzibar iwe inalipa Muscat dola 40,000 za Maria Theresa (sarafu za fedha za wakati huo) kila mwaka, kwa sababu Zanzibar ndo ilikuwa na hela.

Sasa vuta mstari kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, halafu upandishe mpaka huku kwetu. Wafanyabiashara wa pwani walishafika Buganda 1844, na Speke, mpelelezi Mwingereza, alipolifikia Ziwa Victoria Agosti 1858 maeneo haya ya Mwanza, habari zake alikuwa ameshapewa Tabora na Mwarabu anayeitwa Snay bin Amir. Kageye, upande wa Magu, palikuwa kituo cha misafara, mpelelezi mwingine, Stanley, alifikia hapo 1875. Na kulikuwa na mfanyabiashara Songoro, akiunda jahazi Ukerewe, wamisionari wa Kiingereza wakalinunua, ukazuka ugomvi na mtawala wa Ukerewe, Lukonge, na Desemba 1877 Songoro aliuawa pamoja na wamisionari wawili. Naomba walimu wa huku waifundishe hii, mtoto wa Nansio ajue kwamba historia ya Zanzibar imepita kisiwani kwao.

Kwa Barghash, aliyemfuata Majid (1870 hadi 1888), kumbuka mambo mawili: 1873 alilazimishwa na Waingereza, kwa tishio la manowari, kufunga soko la watumwa, na 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, yeye akaachiwa visiwa na ukanda wa maili 10 tu wa pwani. Baada ya hapo pita haraka. 1890 Zanzibar inakuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, 27 Agosti 1896 Khalid bin Barghash, aliyeshika kiti bila ridhaa ya Waingereza, anapigwa nao mizinga katika vita ambayo haikufika hata saa moja, 1897 utumwa unapigwa marufuku kisheria chini ya Sultan Hamoud, halafu anakuja Khalifa bin Harub aliyekaa 1911 mpaka 1960.

Wa mwisho ni Jamshid bin Abdullah, aliondolewa na Mapinduzi ya 12 Januari 1964, akaishi Uingereza miaka mingi, akafariki Oman Desemba 2024. Ila ukiulizwa ukoo uliisha lini usijibu 1964 peke yake, hiyo ni Zanzibar tu. Tawi la Muscat lipo mpaka leo, Qaboos alitawala 1970 mpaka 2020, na Haitham bin Tariq anayetawala Oman sasa ni Al Busaidi vilevile.