SOMO: Kutoa ribiti kuukuu kwenye ndege za kivita za zamani bila kuharibu tundu

Wakuu, swali la "natoaje ribiti?" (ile pini inayoshikanisha mabati, kichwa upande mmoja na mkia uliopondwa upande wa pili) linarudi kila wiki, na picha ni ileile: tundu lililokuwa duara limegeuka umbo la yai. Naliandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Somo linahusu ndege za bati la aluminiamu zilizoundwa kwa viwango vya Marekani: Harvard, Mustang, Dakota. Spitfire na wenzake wa Uingereza wana ribiti za vipimo vyao. Mbinu haibadiliki, namba zinabadilika.

Shika neno hili kabla ya kushika drili: ribiti ni ya kutupwa, tundu si la kutupwa. Kiunzi cha ndege, yaani mifupa inayoshika bati, kilitobolewa kiwandani na huna kingine.

1. Piga picha bati nje na ndani. Mihuri ya wakaguzi na maandishi ya penseli ya mafundi wa kiwandani yapigwe kwa karibu, kwa sababu hayo ndiyo ya kwanza kupotea.

2. Egemeza bodi (kiwiliwili cha ndege) kwenye fremu imara, kisha fungua bati moja, lirudishe, ndipo ufungue jingine. Bati linabeba mzigo pamoja na mbavu. Ukivua matatu kwa mpigo, bodi inajipinda kiasi ambacho jicho halioni, na matundu ya bati jipya hayakutani tena.

3. Soma kichwa cha ribiti. Kijishimo katikati ni AD, aloi (mchanganyiko wa aluminiamu) ya 2117. Kinundu kimoja ni D, 2017. Vistari viwili vilivyoinuka ni DD, 2024. Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa chako.

4. Miwani na kinga ya masikio.

5. Kutoa kichwa. Hapa ndipo kazi inapoharibika, na mimi niliiharibu hapahapa. Kosa ni kudhani unatoboa ribiti nzima. Unatoboa kichwa peke yake. Kwa ribiti ya inchi 1/8 tumia biti namba 30 (milimita 3.26) au ndogo yake kidogo, isiwe kubwa. Weka ncha kwenye kijishimo, zungusha chaki ya drili (kishikio cha biti) kwa mkono mara mbili tatu, inua utazame. Utaona kiduara kinachong'aa kwenye rangi kuukuu. Kipo katikati, endelea taratibu. Kimekaa pembeni, kisogeze sasa hivi, maana biti ikishazama milimita moja haikusikilizi tena. Kimo cha kichwa hakifiki milimita 1.5, kwa hiyo kazi ni ya sekunde chache. Kichwa kikianza kupanda na biti, acha. Kama hakijapanda, ingiza panchi (kipini cha chuma cha kusukumia) yenye unene wa tundu ulilotoboa, ilaze upande, kitakatika.

Mwili uliobaki unautoa kwa panchi nyembamba kidogo na nyundo nyepesi, huku mwenzako ameegemeza chuma kizito nyuma, kando kabisa ya mkia wa ribiti. Bila chuma hicho, kiunzi chembamba kinabonyea kuzunguka tundu na bati jipya halitalala.

Onyo: ribiti ikianza kuzunguka pamoja na biti, ZIMA DRILI. Kila mzunguko unasaga tundu. Mwenzako aibane mkia kwa koleo ndipo uendelee.

Onyo la pili: ribiti za kichwa bapa zina mteremko wa digrii 100 na biti huteleza kirahisi zaidi. Anza kujifunza kwenye mabati chakavu.

6. Fyonza chembe zote. Zikibaki, zitasafiri hadi kwenye kapi na kebo za usukani.

7. Kutu nyeupe isugue kwa pedi ya nailoni aina ya Scotch-Brite. Usitumie sufi ya chuma wala brashi ya chuma: nyuzi zake hunasa ndani ya aluminiamu, na unyevu ukija zinaila. Ukiona aluminiamu imeachana tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, usisugue. Kipande hicho kinabadilishwa.

8. Bati la zamani ndilo kiolezo chako. Lisitupwe hadi jipya lishikwe na kleko (vibanio vya muda vya kwenye matundu) na kukaa.

9. Praima pande zote mbili, iache ikauke, ndipo ugonge ribiti mpya. Urefu wa ribiti ni unene wa mabati jumlisha mara 1.5 ya kipenyo. Kwa ribiti ya inchi 1/8, mabati mawili ya milimita 1.6 ni 3.2, ongeza 4.8, unapata 8, yaani AN470AD4-5 (kichwa cha mviringo, aloi ya AD, kipenyo cha inchi 4/32, urefu wa inchi 5/16). Mkia ukishapondwa uwe na upana wa mara 1.5 ya kipenyo na kimo cha nusu ya kipenyo.

MASWALI

Bati_Jembamba: Naweza kuweka ribiti za kuvuta (pop)? Ni haraka.
Jibu: Hapana. Nyingi hubakiza kipande cha chuma ndani ya aluminiamu. Rudi hatua ya 7 uone chuma hufanya nini.

Mzee_Harvard: Zilizunguka kama kumi hivi, nikamalizia tu. Tundu sasa limepanuka. Somo halikueleza vizuri.
Jibu: Limeandikwa kwa herufi kubwa, mkuu. Panda saizi hadi inchi 5/32, ila pima kwanza: kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati kusipungue mara mbili ya kipenyo, yaani milimita 8. Pasipofika, usiweke ribiti. Hapo panahitaji kiraka kilichochorwa na mhandisi.

Dada_Kiunzi: Samahani, kwa nini AD inagongwa kama ilivyo, lakini nasikia nyingine zinatunzwa kwenye friza?
Jibu: Swali zuri sana, dada. 2117 ni laini ya kutosha kupondwa bila kupashwa. DD ukiigonga hivyohivyo inapasuka, kwa hiyo hupashwa moto na kuzimwa kwenye maji, ikalainika. Lakini aloi hiyo hujikaza yenyewe kwenye joto la kawaida: una dakika 10 hadi 20 tu. Baridi kali huchelewesha kujikaza, ndiyo maana ya friza. Unatoa chache, unagonga, unatoa tena. Na usiweke AD mahali palipokuwa na DD eti kwa sababu ni rahisi. Ni dhaifu zaidi.

Saa_ya_Rubani: Nje ya mada kidogo. Nikishafika kwenye dashibodi, nafunguaje saa za zamani nisafishe vioo?
Kapi_na_Kebo: Usifungue! Rangi ya kung'aa gizani ya enzi hizo mara nyingi ni radiumu. Mwanga ulishakufa, mionzi ipo: nusu ya radiumu-226 huisha baada ya miaka 1,600 hivi. Kioo kizima kinaizuia isipeperuke. Vumbi lake likiingia mapafuni ni habari nyingine.
Jibu: Naunga mkono. Pima kwa kipima mionzi, weka lebo, futa kioo kwa nje tu. Na praima ya kijani-njano unayoikuta ndani ya bodi ni kromati ya zinki, inasababisha saratani. Isiguswe kwa msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa yenye kichujio.