Shanga za udongo wa polima: kuzikanda, kuzipamba na kuzioka ukiwa pwani

Udongo wa polima si udongo wa mfinyanzi. Ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na rangi na kilainishi. Haukauki kwa upepo wala kwa jua na hauhitaji tanuri, maana aina nyingi zinazouzwa huiva katika oveni ndogo ya nyumbani kwa nyuzi kati ya 110 na 130 za sentigredi. Unaweza kukaa na ushanga mmoja mezani wiki nzima ukiutia nakshi, kisha ukauoka siku uliyoridhika nao.

Tatizo ni kwamba miongozo mingi imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni kuulainisha. Sisi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam shida yetu ni kinyume: saa sita mchana udongo unanata mkononi, tundu linapanuka lenyewe, na mistari uliyoikata vizuri inalala upande. Kwa hiyo katika kila hatua hapa nitasema joto lifanyweje. Ukilidhibiti joto, mapambo yenyewe si kazi ngumu.

Vya kuwa navyo

Udongo wa rangi tatu au nne unatosha kuanzia: mweupe, mweusi, na rangi moja au mbili uzipendazo. Chapa za Fimo, Premo na Cernit zote zinafaa. Bloku ya gramu 57 inatoa shanga zinazokaribia 30 za unene wa milimita 12. Tafuta pia kigae laini cha sakafuni cha kufanyia kazi, wembe mpya, mti wa kusukumia chapati, vijiti vya meno, konflawa, spoki za baiskeli zilizosuguliwa zikang'aa, na kipimajoto cha oveni. Ukilazimika kubana matumizi, bana kwingine, kipimajoto ununue.

Chombo chochote cha jikoni kikishaingia kwenye kazi hii, kisirudi kwenye chakula. Na udongo mbichi usiuhifadhi kwenye kopo lolote tu, kwa sababu kilainishi chake hula baadhi ya plastiki. Geuza kopo utazame alama ya pembetatu chini: namba 5 ni salama, namba 6 liache. Liweke mahali pa kivuli, chini ya kitanda hata. Udongo ulioachwa ndani ya gari juani huanza kuiva nusunusu, na hapo tena haukandiki.

Hatua ya 1: Kukanda

Kata kipande cha kuenea kiganjani, ukikunje na kukisukuma kama unavyokanda unga wa chapati, hadi kilainike sawasawa. Hata kama umetoka kwenye pakiti ukiwa laini, ukande tu, kwa sababu udongo usiokandwa hutoa ushanga dhaifu. Kipimo chake ni rahisi: ukunje katikati. Ukingo ukipasuka, endelea. Ukikunjika bila ufa, umekuwa tayari.

Anza na rangi nyeupe, kisha njano, halafu nyekundu, na nyeusi iwe ya mwisho. Nyekundu huacha rangi viganjani usiyoiona, ila nyeupe itaiona. Futa mikono kwa kitambaa chenye unyevu kila unapobadilisha rangi, kisha ikaushe kabisa, kwa kuwa maji yakiingia ndani ya udongo huacha mabaka meupe na malengelenge baada ya kuoka. Feni iwashe, lakini isielekee mezani. Inarusha vumbi na nyuzinyuzi za nguo, na udongo mweupe hukusanya kila kitu.

Ukiona udongo unabeba alama ya kidole kila unapougusa, umezidi ulaini. Usukume uwe bapa jembamba, ulaze kati ya karatasi mbili nyeupe za kuchapia, na juu yake weka kitabu kizito. Baada ya saa chache karatasi zitakuwa na doa la mafuta, nalo ni kilainishi kilichonyonywa. Chungulia mara kwa mara, usije ukaunyonya hadi ukawa mkavu wa kupasukapasuka. Ukikauka hivyo, tone moja la mafuta ya maji ya kupaka watoto linaurudisha. Mimi kazi ya kukanda naifanya asubuhi, kabla ya saa tatu, na jioni nabaki na kazi za msasa.

Hatua ya 2: Kupata shanga zinazolingana

Usikisie kwa jicho. Chukua kadi nane za benki zilizokwisha muda, uzipange nne nne katika mafungu mawili, na katikati yake sukuma udongo, mti ukipita juu ya kadi pande zote mbili. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo bapa lako litakuwa na unene wa milimita 3 bila mjadala. Kata miduara kwa kifuniko cha chupa ya dawa chenye upana wa milimita 20. Kila duara ukiliviringa litatoa ushanga wa milimita 12. Ukitaka shanga ndogo za kuwekwa katikati, kata duara moja vipande vinne.

Kuviringa ni kwa viganja viwili: kwanza bana kwa nguvu kidogo ili upepo utoke na mikunjo izibike, kisha legeza kadiri mviringo unavyokamilika. Mizunguko ya mwisho iwe ya kugusa tu. Ukipenda umbo la pia ya kuchezea, lenye ncha mbili, weka tonge kwenye kigae, lifunike kwa kipande cha kioo nene kilichosuguliwa kingo, na zungusha kioo kwa miduara midogo. Ncha zinajitokeza zenyewe, na kila anayeziona kwa mara ya kwanza hucheka.

Hatua ya 3: Tundu

Weka matonge ndani ya kopo lenye kifuniko, uyatie kwenye friji dakika 15. Kopo ni lazima, maana kitu cha baridi kikitoka kwenye hewa ya pwani hulowa papo hapo, kwa hiyo liache likiwa limefungwa mpaka baridi yake iishe.

Shika ushanga kwa vidole viwili bila kuubana, na kijiti cha meno ukizungushe huku kikiingia. Usikisukume. Kikianza kuchomoza upande wa pili, kitoe na uingie kwa upande ule, matundu yakutane katikati. Ukitoboa moja kwa moja, upande wa kutokea hufanya kichuguu. Kisha pitisha spoki, uuzungushe ushanga juu yake mara mbili tatu ili mviringo urudi.

Hatua ya 4: Uso

Hapa ndipo watu wengi huharibu kwa kutaka yote kwa pamoja: dhahabu, maua, nukta na mng'aro kwenye ushanga mmoja. Katika mkufu wa shanga 30, saba zenye mapambo na nyingine za rangi moja zinatosha kabisa. Pambo linahitaji jirani aliyenyamaza.

Nukta. Hizi ndizo ninazozipenda, na pwani hii inazijua. Shanga za kioo kutoka Venice zilizoingia Afrika kwa wingi katika karne ya 19 zilipambwa hivihivi, kwa nukta, macho na vipande vya maua, ila wao walitumia kioo kilichoyeyushwa kwa moto. Viringa uzi wa udongo wenye unene wa milimita 2, uutie kwenye friji, kisha uukate kwa wembe vipande vya milimita 2. Kila kipande kiviringe kwa ncha ya kidole kwenye kigae mpaka kiwe punje.

Sasa ushike ushanga ukiwa juu ya spoki. Tia punje nne kwenye kiuno chake, mbili zikitazamana kwanza, kisha mbili katikati ya hizo. Ukianza na moja na kufuata duara, utafika mwisho nafasi haitoshi. Zibonyeze kwa ncha ya kidole chenye konflawa kidogo. Juu ya kila nukta weka punje ndogo zaidi ya rangi nyingine, bonyeza. Juu yake nyingine ndogo tena, bonyeza. Umepata jicho. Nyeusi, nyeupe, nyekundu ndiyo mpangilio unaoonekana kutoka mbali. Nukta ukitaka zibaki na mwinuko, ishia hapo. Ukitaka uso laini, viringa ushanga taratibu viganjani mpaka nukta zizame. Zitapanuka kidogo, kwa hiyo zianze zikiwa ndogo kuliko unavyotaka zimalizike. Udongo ukishapata joto la mkono, simama. Urudishe kwenye friji ndani ya kopo, ushike mwingine.

Nakshi ya kuchapa na rangi ya kuzeesha. Ukiwa na ushanga wa rangi ya pembe, yaani nyeupe yenye chembe ya njano na chembe ya kahawia, tafuta kitu chenye uso wa mikwaruzo: kipande cha tumbawe kilichookotwa ufukweni, kombe, ungo, ukindu wa mkeka, lesi. Paka konflawa kidogo kwa brashi ili usinate. Ushanga uwe umeshatobolewa na uko juu ya spoki; uviringishe juu ya tumbawe kwa uzito wa mkono wenyewe. Ukichapa kwanza ndipo utoboe, vidole vitafuta nakshi yote.

Rangi inakuja baada ya kuoka. Paka rangi ya akriliki ya kahawia iliyoiva kwenye ushanga mzima, uhakikishe imeingia kila bonde. Subiri dakika moja hivi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kilichokazwa kwenye kidole. Juu inatoka, mabondeni inabaki. Kitambaa kikiwa kilegevu kitaingia mabondeni na kuondoa rangi yote. Iache ikauke, kisha ushanga urudi kwenye oveni dakika 10 ili rangi ishike.

Gogo la maua. Viringa kiini cheupe chenye unene wa kidole, kifungie bapa jekundu, kisha bapa jeusi. Bana gogo kuanzia kiunoni kuelekea ncha, uliviringe hadi liwe na unene wa milimita 5. Ncha mbili zitakuwa zimeharibika, zikate. Litie kwenye friji nusu saa, kata vipande vya milimita 1, na kila baada ya kukata ligeuze robo mzunguko ili lisibapatike upande mmoja. Bandika vipande kwenye ushanga, uviringe hadi viungo vipotee.

Unga wa mika, yaani madini yanayometameta, wenye mng'aro wa shaba au dhahabu hupakwa kwa kidole kwenye udongo mbichi, na baada ya kuoka ni lazima upigwe vanishi, la sivyo utahamia shingoni mwa mvaaji.

Hatua ya 5: Kuoka

Chukua trei ya foili, kata vijipengo kwenye kingo zake, ulaze spoki juu ili shanga zining'inie bila kugusa chochote wala kugusana. Ushanga ukilala juu ya bati hupata baka bapa linalong'aa. Weka kigae kwenye rafu ya oveni, kinatuliza joto lisipande na kushuka. Kipimajoto kiwe usawa wa shanga, si mlangoni, kwa sababu namba kwenye kitasa cha oveni ndogo inaweza kupishana na ukweli kwa nyuzi 20 au zaidi.

Iwashe kwanza, isubiri itulie, ndipo uingize shanga zikiwa zimefunikwa kwa trei nyingine ili rangi nyeupe isigeuke hudhurungi. Fuata pakiti yako. Kwa Premo ni nyuzi 130 kwa dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene, hivyo ushanga wa milimita 12 nauoka saa nzima. Umeme ukikatika katikati usihuzunike: ukirudi, anza kuhesabu upya. Kuokwa mara mbili hakudhuru udongo. Kinachoudhuru ni joto kuzidi. Ukipita nyuzi 175 hivi, PVC huanza kuungua na kutoa moshi wenye tindikali unaochoma koo. Ukisikia harufu kali, zima, fungua madirisha, toka nje. Kwa sababu hiyohiyo sishauri jiko la mkaa wala maikrowevu.

Pamoja na shanga, oka kipande chembamba cha majaribio. Kikipoa, kikunje. Kikipinda na kurudi, kimeiva. Kikikatika na kumeguka, rudisha zote.

Hatua ya 6: Kumalizia

Shanga laini zisugue kwa msasa wa maji namba 400, 800, kisha 1500, ndani ya beseni la maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ili vumbi lisipande puani. Malizia kwa kitambaa cha jinzi kikavu, kwa nguvu, na utaona mng'aro unatoka bila kupaka kitu. Shanga zenye rangi ya kuzeesha usizitie msasa baada ya kupaka.

Vanishi iwe ya maji. Rangi ya kucha isiyo na rangi inapendeza siku ya kwanza, lakini baada ya muda hulainisha uso na shanga zinaanza kunatana ndani ya sanduku. Hata baadhi ya vanishi za kupuliza hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kile kipande chako chembamba, ukiache wiki mbili.

Hatua ya 7: Kutunga

Mshipi wa kuvulia samaki unafaa kwa mkufu, lastiki kwa bangili. Kabla ya kutunga, pitisha spoki kwenye kila tundu kuondoa vumbi na makombo ya vanishi, kwani ukingo mkali hukata uzi polepole. Zipange mezani kwanza, macho yakitenganishwa na shanga za rangi moja, zile ndogo za robo katikati. Lastiki ifunge fundo la mara mbili, tia tone la gundi, na kabla halijakauka vuta fundo liingie ndani ya tundu la ushanga wa jirani.