Jinsi ya kuitambua elementi kwa protoni zake, hata swali likija limepindishwa

Nianze na swali ambalo limewaangusha wanafunzi wengi niliokaa nao mezani. Atomi ina protoni 11, nyutroni 12 na elektroni 10, hii ni elementi gani (yani kitu chenye atomi za aina moja tu, kama dhahabu au kaboni)? Mwanafunzi anaona elektroni 10, anakumbuka neoni ni namba 10, anaandika neoni anageuza ukurasa roho nyeupe kabisa. Mwingine anajumlisha 11 na 12 anapata 23, anaitafuta 23 kwenye jedwali la elementi, anaandika vanadiamu. Wote wamekosa, jibu ni sodiamu.

Kinachoniuma ni kwamba hawa sio watoto wavivu, wamekariri vizuri tu tena kwa Kiingereza, ila hakuna aliyekaa nao akawaambia kwa Kiswahili cha nyumbani kwamba kwenye zile namba tatu ni moja tu inayotoa jina, nayo ni ya protoni. Basi twende taratibu, na ukiwa na mdogo wako au mtoto anayesoma kidato cha pili muite akae karibu.

Ndani ya atomi kuna kiini katikati. Kwenye kiini kuna protoni zenye chaji chanya na nyutroni ambazo hazina chaji, alafu nje ya kiini ndo kuna elektroni zenye chaji hasi. Kiini ni kidogo kuliko vile michoro ya vitabuni inavyoonyesha, yani ungeikuza atomi ikalingana na uwanja wa mpira wa mita 100, kiini kingekuwa kama punje ya ulezi pale katikati wanapoanzishia mpira, na uwanja wote uliobaki ni wa elektroni. Lakini uzito karibu wote umo kwenye ile punje, maana protoni moja inabeba uzito wa elektroni kama 1836 hivi. Hii picha usiiache: elektroni ziko nje, zinaweza kuondoka na kurudi, protoni ziko ndani zimebanwa. Kila unachokifanya maabara, uchome, umwage asidi, upitishe umeme, unazigusa zile za nje tu.

Sasa chukua sinia. Mimi natumia maharage mekundu kama protoni, punje za mahindi kama nyutroni, na choroko kama elektroni. Weka katikati maharage 11 na mahindi 12, alafu zungusha choroko 11 pembeni kabisa mwa sinia, hiyo ni sodiamu iliyotulia. Nilifanya hivi na mpwa wangu likizo iliyopita, nikamwambia atoe choroko moja. Akatoa. Nikamuuliza umebaki na nini, akahesabu choroko akasema, "Mjomba, zimebaki kumi, si imeshakuwa neoni hii?" Sikumjibu, nikamwambia airudishe ile choroko, alafu aniambie imerudi kuwa nini. Akasema sodiamu. Nikamuuliza tena, kama ilikuwa neoni kweli, neoni ukiiongezea elektroni moja inageuka sodiamu? Akanyamaza, akayaangalia yale maharage katikati, akaanza kuyahesabu kwa kidole moja moja mpaka 11. Hapo ndo alielewa. Maharage hayakuwa yameguswa muda wote ule.

Na sababu yenyewe ni hii. Kiini chenye protoni 11 kinavuta kwa nguvu ya chaji 11, kwaiyo hata ukikipokonya elektroni moja bado kina nafasi ya 11, ikipita elektroni karibu kinaivuta irudi. Idadi ya protoni ndo inaamua atomi itashika elektroni ngapi ikitulia, na zitajipangaje, na ule mpangilio ndo unaamua kama kitu kitakuwa metali laini inayowaka kwenye maji au gesi isiyojihusisha na mtu. Elektroni zinafanya kazi, ila amri inatoka kwenye kiini.

Ukija kwenye kusoma namba. Alama ya elementi mara nyingi huandikwa na namba mbili pembeni yake, moja juu moja chini. Kuna majedwali yanaweka namba ya protoni juu na mengine yanaiweka chini, kwaiyo usikariri mahali ilipo. Angalia hivi: namba ya protoni ni ile inayopanda moja moja bila kuruka ukitembea kwenye jedwali, 1, 2, 3, 4, haina desimali kamwe, na karibu kila mara ndo ndogo kati ya zile mbili. Kubwa ni ya uzito, yani protoni na nyutroni kwa pamoja. Ukitoa ndogo kwenye kubwa unapata nyutroni, sodiamu ni 23 kutoa 11 unapata 12. Haidrojeni ya kawaida pekee ndo namba zote mbili ni 1, kwasababu haina nyutroni hata moja.

Kuhesabu elektroni kunataka umakini kidogo. Kama hakuna chaji iliyoandikwa, elektroni ni sawa na protoni. Kama kuna chaji, plasi maana yake atomi imepoteza elektroni na mainasi maana yake imepata. Hapa wengi wanateleza, wanaona plasi mbili wanaongeza elektroni mbili. Elektroni yenyewe ni hasi jamani, ukiondoa hasi unabaki na chanya nyingi zaidi, kwaiyo plasi mbili unatoa mbili, mainasi moja unaongeza moja. Na protoni huzigusi katika hesabu hiyo.

Ili uone elektroni zinavyodanganya, chukua vitu vitatu vyote vyenye elektroni 10. Cha kwanza ni sodiamu iliyopoteza moja, ipo kwenye chumvi uliyokula leo. Cha pili ni neoni, ile gesi ya taa nyekundu za matangazo. Cha tatu ni florini iliyopata moja, tunaiita floridi, na watu wa Arusha na pande za mlima Meru wanaijua vizuri maana ikizidi kwenye maji ya kunywa ndo inawapaka watoto meno rangi ya kahawia. Elektroni 10, 10 na 10. Protoni 11, 10 na 9. Kama elektroni ndo zingekuwa zinatoa jina hivi vitatu vingekuwa kitu kimoja, na meno ya watoto yanaonyesha kwamba sio kimoja.

Nyutroni nazo ziongeze au zipunguze, jina halibadiliki, unachopata kinaitwa isotopi. Kaboni ina protoni 6, iwe na nyutroni 6 au 7 au 8 bado ni kaboni, ndo zile kaboni 12, kaboni 13 na kaboni 14. Na hapa ndo jibu la lile swali la klorini kuandikwa 35.5 kwenye jedwali, nimeona mtu anatoa 17 anapata nyutroni 18 na nusu. Hakuna nusu nyutroni. Klorini ya duniani ni mchanganyiko, karibu robo tatu ni klorini 35 na robo ni klorini 37, ukipiga wastani inakuja 35.5. Ile namba yenye desimali ni wastani wa kundi zima, hakuna atomi hata moja yenye uzito huo.

Sasa uzito. Kuna watu wanaamini ukipanga elementi kwa uzito umemaliza, na kweli zamani ndo ilikuwa hivyo, yule mkemia wa Kirusi Mendeleev alipotoa jedwali lake la elementi mwaka 1869 hakuna aliyekuwa anajua protoni ni nini. Ila kulikuwa na sehemu zinagoma. Kobalti ina uzito 58.93 na nikeli 58.69, ukipanga kwa uzito nikeli inatangulia, lakini ukiangalia tabia zao kobalti ndo inatakiwa itangulie. Aliyelimaliza hili ni kijana wa Kiingereza anaitwa Henry Moseley, mwaka 1913, akiwa Manchester. Alikuwa anazipiga metali kwa elektroni mpaka zinatoa eksirei, anazipiga picha zile eksirei, anapima. Akakuta ukichukua kipeuo cha pili cha kasi ya mtetemo wake kinapanda kwa hatua zinazolingana, elementi moja hatua moja, na kobalti ikaangukia 27, nikeli 28, bila kujali nani mzito. Yani alikuwa anahesabu chaji ya kiini. Na kwakuwa hakuna protoni nusu, akaweza kusema nafasi za 43, 61 na 75 zipo wazi, kuna elementi hazijapatikana, na baadae zote zikapatikana. Yeye hakuziona. Alikwenda vita vya kwanza vya dunia akauawa Gallipoli, Uturuki, tarehe 10 Agosti 1915, ana miaka 27. Kila nikifika hapa nasimama kidogo, kwasababu ile namba ndogo unayoisoma kwenye jedwali ina maana leo kwa kazi ya huyu kijana.

Mfano mwingine wa uzito kudanganya ni ile 40. Agoni yenye nyutroni 22 ina uzito 40, potasiamu yenye nyutroni 21 ina 40, kalisiamu yenye nyutroni 20 ina 40. Gesi isiyoungana na kitu, metali inayolipuka kwenye maji, na ile iliyopo kwenye mifupa na chokaa. Tofauti yao ni 18, 19 na 20.

Na hizi tatu zina habari kubwa hapa hapa kwetu. Mpaka sasa nimekwambia protoni haziguswi, na kwa moto au asidi kweli haziguswi, ila kuna viini vyenyewe havijatulia vinabadilika vyenyewe. Potasiamu 40 ni kimojawapo. Sehemu kubwa yake, kama 89 katika kila 100, nyutroni moja inageuka protoni, 19 inakuwa 20, na siku hiyo hiyo sio potasiamu tena ni kalisiamu. Zile 11 zinazobaki protoni inameza elektroni inageuka nyutroni, 19 inakuwa 18, imekuwa agoni. Rudi kwenye sinia, weka maharage 19 na mahindi 21, alafu ufanye: toa harage moja weka punje ya mahindi, jumla haijabadilika, bado 40, lakini jina limebadilika. Hii inaenda polepole sana, nusu ya potasiamu hiyo inaisha kwa kama miaka bilioni 1.25.

Sasa fikiria majivu ya volkano yaliyoangukia Olduvai. Yakiwa moto, agoni yoyote iliyokuwemo inatoroka, maana ni gesi na haiungani na kitu. Yakishapoa, kila agoni inayozaliwa na potasiamu inanaswa ndani ya chembe za jiwe. Ukipima agoni imejaa kiasi gani ukilinganisha na potasiamu iliyobaki unajua jiwe limekaa muda gani. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata pale lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, mwaka 1959, na mwaka 1961 kwa njia hii ya potasiamu na agoni umri ukatoka kama miaka milioni 1.75, wakati wengi walikuwa wanadhani ni mdogo zaidi ya hapo kwa mbali. Njia yote inasimama juu ya protoni moja kugeuka, 19 kuwa 18, kitu kilichokuwa kimeshikamana na jiwe kikawa gesi.

Niseme na hili la dhahabu kwasababu watu wanaibiwa. Zebaki ina protoni 80 na dhahabu 79, zimekaa jirani, na utamsikia mtu anauza dawa ya kugeuza moja kuwa nyingine. Wachenjuaji wadogo wanatumia zebaki kweli, lakini zebaki inaikamata tu dhahabu ambayo tayari ilikuwemo kwenye mchanga, alafu wanaichoma zebaki inaondoka na moshi (moshi ambao ni sumu, usikae karibu nao na usichomee nyumbani penye watoto). Hakuna moto wa jiko wala asidi ya chupa inayofika kwenye kiini kutoa ile protoni moja. Mtu akikwambia anayo, usimpe hela yako.

Jipime. Chukua karatasi, andika jina, uzito na chaji.

Ya kwanza, protoni 20, nyutroni 20, elektroni 18. Ya pili, protoni 17, nyutroni 20, elektroni 18. Ya tatu, protoni 18, nyutroni 22, elektroni 18. Ya nne, protoni 19, nyutroni 21, elektroni 18.

Kila mara anza na protoni, andika jina kabla hujaangalia kingine chochote, alafu jumlisha na nyutroni upate uzito, mwisho linganisha na elektroni upate chaji. Ya kwanza ni kalisiamu 40 yenye plasi mbili. Ya pili ni klorini 37 yenye mainasi moja. Ya tatu ni agoni 40, haina chaji. Ya nne ni potasiamu 40 yenye plasi moja, ile ile ya kwenye mawe ya Olduvai. Ukiona umeandika agoni kote kwasababu elektroni ni 18, rudi kwenye sinia, hesabu maharage.