Kujifunza Kupanda Milima Ukiwa Dodoma: Anza na Kushuka

Wakati nikiwa mwanafunzi mpya wa kazi hii, nilipanda mwamba mmoja katika vilima vilivyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma kwa muda wa dakika kumi, kisha nikakaa juu yake karibu saa mbili nzima nisijue namna ya kuteremka. Mtu anapopanda, macho yake yako karibu na vishikio na anaviona kimoja baada ya kingine. Anapogeuka kushuka, mwili wake mwenyewe unaziba mahali miguu inapotakiwa kutua, na jiwe ambalo lilionekana la kawaida linageuka kuwa ukuta. Mwenzangu alizunguka chini hadi mahali alipoweza kuniona vizuri, akanielekeza hatua kwa hatua: mguu wa kushoto chini kidogo, sasa kulia, hapo hapo, simama. Tangu siku hiyo, kila anayeniomba nimfundishe kupanda, mimi humfundisha kwanza kushuka, na mwongozo huu umefuata mpangilio huo.

Dodoma ni mahali pazuri pa kuanzia. Mji uko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na pembezoni mwake kuna vilima vya graniti ambavyo mtu anaweza kuvifikia asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya jua kuwa kali. Mwamba unaofahamika kama Lion Rock ni mmojawapo. Majira yanayofaa ni yale ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba. Mvua zikishaanza, kwa kawaida mwezi Desemba, utando mweusi unaoota juu ya mawe hulowa na kuteleza kama sabuni, na radi hupenda vilele vilivyo wazi, kwa hiyo wakati wa masika mtu ahakikishe yuko chini kabla mawingu ya mchana hayajakusanyika. Miamba ya Kolo na jirani zake kule Kondoa isiguswe kabisa kwa mazoezi: michoro yake imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na jasho la viganja huiharibu.

Zoezi la kwanza halihitaji kifaa chochote. Tafuta jiwe la mteremko wa wastani, lenye urefu usiozidi kimo chako, panda hatua tatu, kisha shuka hatua hizo hizo tatu bila kuruka. Rudia mpaka miguu ikumbuke yenyewe. Sheria ninayowawekea wanafunzi wangu ni kwamba hawaruhusiwi kupanda hatua ambayo hawajaonyesha kuwa wanaweza kuirudia kinyumenyume, na wale wanaoiona kuwa inawachelewesha ndio ninaowasimamia kwa karibu zaidi.

Graniti ya huku haina vishikio vingi. Kinachomshikilia mpandaji ni msuguano wa soli na jiwe. Hapo ndipo hofu inapompotosha anayeanza, maana mtu akiogopa hujilaza kwenye mwamba, na akijilaza uzito wake unaisukuma miguu kwenda nje badala ya kuikandamiza chini, basi anateleza. Simama wima ili uzito ushuke moja kwa moja juu ya nyayo, teremsha visigino kidogo ili sehemu kubwa ya soli iguse jiwe, na upige hatua fupi. Wakati wa kushuka mteremko mdogo, tazama bondeni huku magoti yamekunjwa. Mteremko ukiongezeka, geuka ubavu. Ukizidi, geukia mwamba na ushuke kama mtu anayeshuka ngazi ya mnazi, ukiangalia chini kati ya mkono na kiwiliwili kabla ya kila hatua.

Graniti pia hubanduka kwa matabaka, kama maganda ya kitunguu, kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku. Kabla hujalivuta jiwe kwa uzito wako wote, ligonge kwa vifundo vya vidole. Jiwe lililoshikamana hutoa sauti kavu na fupi, na lililobanduka huitika kwa sauti ya uwazi kama debe, hilo liache. Kagua vilevile nyufa ukiwa bado mbali, kwani nyuki hupenda kuishi humo. Ukiona wanaingia na kutoka, chagua mwamba mwingine siku hiyo.

Kuhusu mwili, wengi hufikiri pumzi ndiyo inayowaangusha, lakini kwa niliowahi kuongozana nao magoti na mapaja hushindwa kwanza, tena wakati wa kurudi. Jizoeze na mkoba wa kilo 5, uongeze kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, na uzito huo uwe maji kwenye chupa. Ukifika juu ya kilima, yamwagie mti ulio karibu, ushuke na mkoba mwepesi mpaka magoti yatakapokomaa.

Sasa tuje kwenye vifaa, na tuanze na viatu, kwa kuwa ndivyo vinavyostahili fedha yako ya kwanza. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, ukiwa umevaa soksi nene utakazotumia mlimani. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino pawe na nafasi ya kupenya kidole kimoja cha mkono. Pasipokuwa na nafasi hiyo, safari ya kushuka itazigonga kucha hadi ziwe nyeusi, na hata kiatu kikitosha, kata kucha siku mbili kabla ya kuondoka. Viatu vya mlimani hupatikana kwenye mitumba kwa bei nzuri, ila mnunuzi awe na macho. Soli za kati za viatu vingi hutengenezwa kwa aina ya sponji ngumu ambayo huoza kwa unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikunje kwa nguvu, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha, jaribu kuibandua kwenye ncha. Ikipasuka au kutoa unga, kirudishe. Mimi niliwahi kununua jozi iliyong'aa kama mpya, na soli yake ya kulia ikaachia nikiwa juu kabisa ya mlima Hanang. Niliifunga kwa mkanda wa mkoba nikashuka nikichechemea, na giza likanikuta njiani.

Baada ya viatu, nunua taa ya kichwani na betri za akiba. Tochi ya simu haitoshi, maana inakunyang'anya mkono mmoja mahali ambapo unahitaji yote miwili. Mavazi hayana mjadala mrefu: nguo nyepesi isiyo ya pamba karibu na ngozi, kwa sababu pamba ikilowa jasho hubaki mbichi na kukupoza, sweta zito juu yake, na koti la kuzuia upepo na mvua juu ya yote. Hivi vyote mitumbani vimejaa. Kumbuka tu kwamba joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo alfajiri ya Julai yenye nyuzi 14 hapa Dodoma inaweza kuwa sawa na baridi ya kuganda kwenye kilele cha Hanang.

Kamba ndipo ninapoomba usikilizwe ushauri bila kupunguza hata neno moja. Kamba ya katani au ya manila inayouzwa dukani kwa kufungia mizigo haifai kumshikilia binadamu anayeanguka, hata iwe nene kiasi gani. Kamba ya kupandia hutengenezwa ili inyumbuke inapovutwa ghafla, na kunyumbuka huko ndiko kunakopunguza mshtuko unaofika kiunoni na kwenye uti wa mgongo. Kamba isiyonyumbuka humsimamisha mtu kama ukuta. Tafuta iliyoandikwa EN 892, kiwango cha Ulaya cha kamba za kupandia, au yenye alama ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima. Kipimo hicho huitaka kamba inayotumika peke yake istahimili angalau mianguko 5 ya uzito wa kilo 80. Karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa kufunga na kufungua, nayo ina namba ubavuni: ile ya urefu isipungue kilonyutoni 20, sawa na uzito wa takribani tani 2, lakini ikivutwa kwa upana wake nguvu inaweza kushuka hadi 7, kwa hiyo kila mara hakikisha imekaa kwa urefu na imefungwa. Kamba, hanesi (mkanda wa kiunoni na mapajani unaofungwa kwenye kamba) na karabina visinunuliwe mitumbani. Huwezi kujua kamba imeangukiwa mara ngapi, wala kama iliwahi kumwagikiwa maji ya betri ndani ya gari la mtu.

Fundo la kwanza kujifunza ni lile lenye umbo la tarakimu 8. Lifunge kwenye kamba kwa umbali wa mkono mmoja kutoka mwishoni, pitisha ncha kwenye vitanzi viwili vya mbele vya hanesi, kisha ifuate njia ile ile ya fundo kwa kurudi nyuma, nyuzi mbili zikienda sambamba bila kupandana. Kaza kila uzi peke yake, na ubakize mkia wenye urefu wa kiganja. Lifunge gizani, lifunge ukiwa umechoka, halafu mwenzako alikague kabla mguu haujaacha ardhi. Naye anayemshikia mpandaji kamba ana kanuni moja isiyovunjwa: mkono wa breki, yaani ule unaoizuia kamba isikimbie, hauachii kamba kwa sababu yoyote, hata nyuki wakija. Haya yote yafanywe mara za kwanza mbele ya mtu aliyekwisha kuyajua. Maandishi hayatoshi kumshika mtu.

Miguu ikishakomaa, nenda Hanang, mkoani Manyara, mlima wenye takribani mita 3,420 ambao hauhitaji kamba. Lala Katesh, pata kibali na mwongozaji, na uanze kabla ya alfajiri kwa njia ya Jorodom, kwa maana una zaidi ya mita 1,500 za kupanda na hizo hizo za kushuka. Mlima hauna maji ya kutegemea, hivyo beba lita 4. Kwa chakula, zabibu kavu za hapa kwetu na karanga zilizokaangwa zinatosha, na hazioshi mtu tumbo. Usiende wakati wa mvua kubwa: Desemba 2023 tope na mawe yaliyoporomoka kutoka mlima huu yaliua makumi ya watu Katesh na vijiji vya jirani. Kabla ya kuondoka, kubalianeni saa ya kugeuka. Mimi huweka saa saba mchana, na ikigonga tunageuka, hata kama kilele kinaonekana.

Atakayeendelea hadi Kilimanjaro, mita 5,895, ajue kwamba huko adui ni hewa yenyewe, kwani kileleni mtu hupata takribani nusu ya oksijeni anayoipata pwani. Ukivuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kwenye njia ya Marangu, kutoka kambi ya Horombo hadi kambi ya Kibo ni mwinuko wa mita 1,000, ndiyo maana inafaa kulipia usiku wa pili Horombo. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, baki hapo ulipo. Mwenzako akishindwa kutembea mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, au akihema kwa shida akiwa amekaa, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, naye asiachwe peke yake.

Ukirudi nyumbani, anika kamba kivulini, kisha ipitishe yote kati ya kidole gumba na cha shahada, sentimita kwa sentimita. Ukikuta mahali palipolegea, palipo bapa au panapoonyesha nyuzi nyeupe za ndani, haitapanda tena. Ikate vipande vifupi siku hiyo hiyo ili asije mtu akaiazima. Vipande hivyo vinafaa kuanikia nguo na kufungia mbuzi.