Kuoka Bata Mzinga Aliyejazwa: Kutoka Friza Hadi Mezani

Ndani ya bata mzinga aliyejazwa mna vyakula vitatu vinavyoiva kwa mwendo tofauti. Kidari huiva mapema na hukauka upesi. Paja huchelewa na hustahimili moto zaidi. Mjazo, yaani mchanganyiko wa mkate unaotiwa tumboni, kwa kuwa umekaa katikati kabisa, hupata moto mwisho wa vyote, na ndio unaoweza kuwaumiza watu tumbo usipoiva. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya kuvifikisha vitatu hivi pamoja.

Chombo kimoja hakina mbadala: kipimajoto cha nyama chenye ncha ndefu. Kijaribu kwenye glasi ya barafu na maji. Kikisoma 0°C, kiamini. Saa, rangi ya ngozi na rangi ya maji yanayotoka pajani vyote hudanganya.

Hatua ya 1: Uzito

Hesabu gramu 600 hadi 700 za ndege mbichi kwa kila mlaji, mifupa ikiwemo. Kilo 6 zinatosha watu tisa au kumi, na vipimo vyote hapa ni vya uzito huo. Wageni wakiwa ishirini, oka ndege wawili wa kilo 6. Ndege mmoja wa kilo 12 akijazwa, kidari chake kitakuwa kimekauka muda mrefu kabla katikati ya mjazo hakujaiva.

Soma lebo. Ndege wengine wa friza huuzwa wakiwa wamedungwa maji ya chumvi. Huyo usimtie chumvi tena.

Hatua ya 2: Kuyeyusha

Kwenye friji, tenga siku moja kwa kila kilo 2. Kwa kilo 6 ni siku 3, na siku ya 4 ya akiba haidhuru. Mweke kwenye trei yenye kingo, rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee chakula kingine.

Ukiwa umechelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake usiovuja, saa moja kwa kila kilo, na ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Aliyeyeyushwa hivi apikwe mara moja, bila kusubiri siku za chumvi za Hatua ya 3. Kumwacha mezani usiku kucha ni hatari: nje hupata joto la kutosha bakteria kuzaana huku ndani bado ni barafu.

Kabla ya kuendelea, ingiza mkono tumboni. Ukigusa barafu, hajawa tayari, na ukimjaza hivyo mjazo utachelewa vibaya sana. Toa shingo na kifuko cha firigisi, moyo na ini. Angalia pia upande wa shingo, maana mara nyingi kifuko hufichwa huko.

Usimwoshe. Maji ya bomba hayaui salmonela (aina ya bakteria). Huirusha tu kwenye sinki, kwenye meza na kwenye nguo zako. Mpanguse kwa karatasi za jikoni, ndani na nje, mpaka ngozi ikauke.

Hatua ya 3: Chumvi, siku moja au mbili kabla

Tumia gramu 10 za chumvi kwa kila kilo ya ndege. Kwa kilo 6 ni gramu 60, yaani takriban vijiko 10 vya chai vya chumvi laini, vya kusawazisha juu. Changanya na vijiko 2 vya chai vya pilipili manga iliyosagwa. Penyeza vidole kati ya ngozi na kidari, taratibu ili ngozi isichanike, kisha paka theluthi ya chumvi moja kwa moja juu ya nyama. Iliyobaki paka mapajani na juu ya ngozi, na kiasi kidogo sana tumboni kwa sababu mjazo utakunywa chumvi hiyo.

Mrudishe kwenye friji bila kumfunika kwa saa 24 hadi 48. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje na utaona ngozi imelowa. Baadaye maji hayo hurudi ndani pamoja na chumvi, nyama inakolea na inapata uwezo wa kushika maji yake motoni. Ngozi nayo hukauka hadi ikawa kama karatasi ukiigusa, na hiyo ndiyo itakayokuwa ya rangi ya dhahabu na kukatika kwa mlio.

Hatua ya 4: Supu

Chemsha shingo, firigisi na moyo katika lita 2 na nusu za maji, pamoja na kitunguu kimoja na karoti moja, kwa moto mdogo wa saa 2. Ini liache nje, huleta uchungu. Chuja. Supu hii ni ya mjazo na ya rojo, kwa hiyo usiitie chumvi.

Hatua ya 5: Mjazo

Mahitaji: mkate mweupe gramu 600, siagi gramu 100, vitunguu maji 2 vikubwa, mashina 3 ya seleri, punje 3 za kitunguu saumu, vijiko 2 vikubwa vya majani mabichi ya thaimu na paseli yaliyokatwakatwa, supu mililita 500 hadi 600, mayai 2, chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili manga nusu kijiko.

Kata mkate vipande vya sentimita 2 na uvikaushe ovenini kwa 120°C, dakika 40 hivi, hadi viwe vigumu mpaka ndani. Usiruke hapa. Mkate laini hugeuka uji mara tu ukikutana na supu, na uji huo ukiwa tumboni hushikamana kama donge la udongo, moto ukapenya kwa shida. Mkate mkavu hunywa supu na kubaki vipande, na nafasi kati ya vipande hupitisha mvuke.

Kaanga vitunguu na seleri kwa siagi, moto wa wastani, dakika 10 hadi 12, mpaka vilainike kabisa. Havitalainika zaidi ndani ya ndege. Tia kitunguu saumu na majani, dakika moja tu. Mimina juu ya mkate, ongeza chumvi na pilipili, kisha supu ya moto kidogo kidogo huku ukigeuza kwa mwiko. Simama pale ambapo kipande ukikiminya kinashikana lakini hakitoi maji. Mwisho changanya mayai yaliyopigwa.

Ukitaka soseji, nyama ya kusaga au firigisi kwenye mjazo, vipike vikaive kabisa kwanza. Vivyo hivyo mchele: lazima uwe wali tayari, maana tumboni hakuna maji ya kuivisha mchele mbichi.

Unaweza kukausha mkate na kukaanga vitunguu jana yake, ukavihifadhi mbalimbali. Kuchanganya na kujaza ni asubuhi ya kuoka, mjazo ukiwa wa moto. Ukimjaza usiku na kumrudisha kwenye friji, katikati ya mjazo hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, mahali bakteria wanapostawi, halafu huingia ovenini ukiwa baridi.

Hatua ya 6: Kujaza

Washa oveni 165°C, chini ya hapo usishuke. Sogeza wavu wa oveni hadi ngazi ya chini ili ndege akae katikati ya joto.

Jaza kwa kijiko, bila kushindilia, tumbo lifikie robo tatu. Mjazo huvimba kwa mayai na kwa maji ya nyama. Ukishindilia utakuwa mzito na katikati hautaiva kwa wakati. Kiasi kidogo kinaweza kuingia kwenye mfuko wa shingo, kisha kunja ngozi kwa chini na uibane kwa kijiti. Unaobaki weka kwenye bakuli la kuokea lililopakwa siagi, ongeza mililita 150 za supu kwa kuwa hautapata maji ya ndege, na uoke dakika 40 za mwisho.

Funga miguu kwa uzi wa pamba, kwa kulegeza. Miguu ikibanwa sana dhidi ya mwili, sehemu ya ndani ya paja haifikiwi na hewa ya moto, na hiyo tayari ni sehemu inayochelewa. Ncha za mabawa zikunje nyuma ya mgongo.

Paka ngozi siagi laini au mafuta, vijiko 2 vikubwa. Kunja foili mara mbili, ifinyange juu ya kidari tu, kisha itoe uiweke kando.

Hatua ya 7: Ovenini

Mlaze chali, kidari juu, kwenye wavu ndani ya trei isiyo na kina; kingo za sentimita 5 zinatosha. Sufuria yenye kuta ndefu huficha mapaja na kuyachemsha kwa mvuke. Weka kitunguu na karoti zilizokatwa chini ya wavu pamoja na kikombe cha maji, ili mafuta yanayodondoka yasiungue. Visha kidari foili ile na uingize trei.

Ndege wa kilo 6 aliyejazwa huchukua saa 3 na nusu hadi 4 kwa joto hili. Mkila saa nane mchana, aingie ovenini saa tatu asubuhi, atoke karibu saa saba, na muda unaobaki ni wa kupumzika na kukatwa.

Foili itoe inapobaki saa moja na robo. Wengi huoka kidari wazi kwanza kisha wakakifunika kikishapata rangi. Ubaya wake ni kwamba mvuke chini ya foili hulainisha ngozi iliyokuwa imekauka vizuri. Anza na foili, malizia bila foili.

Acha pia kumwagia mafuta kila nusu saa. Kila ufunguapo mlango joto la oveni huanguka, na maji ya kwenye trei hulowesha ngozi. Maji ya trei yakikauka ongeza kikombe, basi. Trei igeuze mara moja tu, katikati ya muda, kwa sababu oveni nyingi zina kona yenye moto mkali.

Hatua ya 8: Kupima

Anza kupima saa 3 baada ya kuingiza. Pima sehemu tatu. Kidari: ingiza ncha upande wa shingo, sambamba na mfupa, hadi penye unene mkubwa. Paja: upande wa ndani unaoelekea mwilini, bila kugusa mfupa, maana mfupa hutoa kipimo cha uongo. Mjazo: pitia mdomo wa tumbo hadi katikati kabisa. Safisha ncha kila unapohama.

Kote unahitaji 74°C. Paja likifika 80°C halina shida, tena huwa laini zaidi. Wekundu karibu na mfupa si dalili ya ubichi ikiwa kipimajoto kimefika.

Hali inayotokea mara nyingi ni kidari na paja kuwa tayari huku mjazo ukisoma 65°C. Usiendelee kumwoka ndege mzima. Mtoe, chota mjazo wote uingie kwenye bakuli la kuokea, tandaza, rudisha bakuli ovenini kwa 200°C mpaka katikati ifike 74°C, kwa kawaida dakika 15 hivi. Ndege atapumzika wakati huo, na kidari kitabaki na maji yake.

Ngozi ikiwa bado haijashika rangi na kidari kiko chini ya 70°C, pandisha hadi 220°C kwa dakika 10 na usiondoke hapo.

Hatua ya 9: Kupumzisha, rojo na kukata

Mwache dakika 30 kwenye ubao. Ukitaka kumfunika, tandaza foili kwa kulegeza, maana ukiibana ngozi hulainika. Mjazo uliofika 74°C unaweza kubaki ndani muda huo, kisha uchotwe wote kabla ya kukata.

Mimina maji ya trei kwenye jagi, subiri mafuta yapande juu. Chukua vijiko 4 vikubwa vya mafuta hayo, kaanga na vijiko 6 vikubwa vya unga wa ngano dakika 3 hadi vinukie. Ongeza maji ya trei yaliyobaki na supu, jumla lita 1, kidogo kidogo huku ukipiga kwa mchapo. Chemsha dakika 8. Onja kabla ya kutia chumvi, kwani maji ya trei tayari yanayo.

Kata mapaja kwanza kwenye kiungo, kisha mabawa. Kidari kitoe kizima: pitisha kisu kando ya mfupa wa kati na ufuate mbavu hadi chini. Kilaze ubaoni na ukikate kwa kukatiza nyuzi za nyama, vipande vya sentimita 1, kila kimoja na ngozi yake.

Mabaki yaingie kwenye friji ndani ya saa 2, nyama na mjazo katika vyombo mbalimbali visivyo na kina. Yaliwe ndani ya siku 3 au 4, yakipashwa tena hadi 74°C. Mifupa ivunje uichemshe jioni hiyohiyo.